Maswali yenu: kuzoea mazingira na kujifunza utamaduni

Nimehamia sehemu yenye joto kali. Mwili utazoea lini?

Ukijishughulisha nje kila siku kwa kiasi, wiki moja hadi mbili zinatosha. Jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi, huku likipungua chumvi, na moyo hauendi mbio kama siku za mwanzo. Ukirudi kwenye baridi, mazoea hayo hupotea baada ya wiki chache.

Je, wanangu watayarithi mazoea hayo?

Hapana. Watibeti wa nyanda za juu, ambako hewa ina oksijeni haba, wana aina ya jeni la EPAS1 inayozuia damu isizidi chembe nyekundu, lakini hiyo ni kazi ya uteuzi wa asili kwa vizazi vingi.

Mbona watoto huiga hata vitendo visivyo na kazi?

Hapa ndipo ulipo ubinadamu wetu. Mwaka 2005, Victoria Horner na Andrew Whiten walichapisha utafiti ambamo sokwe na watoto walionyeshwa namna ya kufungua sanduku lenye zawadi, hatua za lazima zikichanganywa na za bure. Sanduku lilipokuwa la kuonyesha ndani, sokwe waliziruka hatua za bure. Watoto walizifuata zote.

Tafadhali msiwaone wajinga. Mwaka 1861 huko Australia, wavumbuzi Burke na Wills, wakiwa wameishiwa chakula, walikula unga wa mmea uitwao nardoo, chakula cha wenyeji Wayandruwandha. Walishiba, lakini miguu ikalegea, wakadhoofika na kufa. Nardoo ina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na wenyeji walikuwa na utaratibu wao wa kuiandaa. Hakuna aliyejua habari za vitamini wakati huo. Wenyeji waliiandaa walivyofundishwa na wakubwa wao. Mwenzao Burke na Wills, John King, alipokelewa na wenyeji hao akapona. Anayeruka hatua asiyoielewa huenda ameruka ile inayomlinda.

Mimi ni mtu mzima. Nimechelewa kujifunza utamaduni wa ugenini?

Kwa lafudhi, pengine. Mtoto wa miezi sita hutofautisha hata sauti za lugha asizowahi kusikia, uwezo unaofifia kabla hajatimiza mwaka. Mengine yote yanafundishika. Kaa karibu na wenyeji, tazama wanavyosalimiana na kupeana zamu ya kusema, kisha mwombe mmoja unayemwamini akusahihishe papo hapo.