Maswali ya Wasomaji: Nitajuaje Kama Mshale wa Babu Bado ni Mzima?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni kijana wa Nachingwea, mkoani Lindi. Marehemu babu aliniachia upinde pamoja na podo lenye mishale 13 ya mti, ambayo aliichonga mwenyewe kwa kisu, na kwa miaka kadhaa podo hilo lilikuwa limening'inizwa darini. Sasa ninajifunza kulenga shabaha nyuma ya nyumba, kwenye gunia nililolishindilia nyasi kavu. Wiki iliyopita mshale mmoja ulikatika mara tu nilipouachia, na kipande chake kikanichubua mkono wa kushoto, ingawa niliutazama kabla ya kuupachika nikauona mzima. Je, hii 12 iliyobaki niikague vipi? Na ufa mdogo ninaweza kuuziba kwa gundi?

JIBU: Pole sana. Nilipokuwa na umri kama wako, huku Mikindani, nilitolewa kibanzi chenye urefu wa kidole katika kigasha cha mkono wa kushoto, kwa mshale ambao nami niliuona mzima, kwa hiyo swali lako nalijibu kwa uzito wote.

Kwanza uelewe kwa nini ulikatika mkononi na si kwenye gunia. Unapouachia, upote, yaani kamba ya upinde, huusukuma mshale kwa nyuma kwa nguvu ya ghafla, ilhali kigumba, yaani kichwa cha mshale kilicho mbele, ni kizito na bado hakijaanza kwenda. Wano, yaani ule mti wenyewe, hupinda kama ufito, likajinyoosha, likapinda tena upande wa pili. Ufa uliokuwa umefumba hufunguka papo hapo, na nusu ya nyuma, ambayo bado inasukumwa na upote, huelekea kwenye mkono ulioshika upinde. Jicho haliuoni ufa uliofumba, hivyo ukaguzi wake ni wa vidole na masikio.

Chukua pamba kavu, uipitishe taratibu juu ya wano kutoka mbele hadi kwenye manyoya, kisha uirudishe. Mahali itakaponasa uzi wake, hata kama hapaonekani kitu, pana kibanzi kilichoinuka. Halafu ushike mshale kwa ncha zote mbili, ukiuweka mbali na uso, uupinde kidogo tu huku umeutegea sikio, uugeuze robo mzunguko, uupinde tena, mpaka umeuzungusha wote. Mti mzima hurudi kimya. Ukisikia mwaliko, hata mdogo kama wa kuvunja njiti ya kiberiti, au ukihisi sehemu moja inalegea kuliko nyingine, mshale huo umekwisha. Kagua kwa makini zaidi sehemu ya vidole viwili au vitatu nyuma ya kigumba, kwa kuwa hapo ndipo mishale mingi huvunjika baada ya kugonga jiwe au mzizi, na tena pale ambapo mistari ya nyuzi za mti inatoka ubavuni badala ya kufuata urefu wa wano.

Kwa kuwa mishale yako ilikaa darini, tafuta pia vitundu vya fukusi na unga mwembamba unaodondoka ukiugongesha mshale juu ya meza. Mti ulioliwa ndani hauna dawa. Kupinda ni jambo jingine, wala si kosa la kuutupa mshale, maana mvua zetu za kuanzia Desemba hadi Aprili hupindisha hata mti mzuri. Upashe joto juu ya makaa bila kuuunguza, uunyooshe polepole, na ukishapoa urudie kuukagua upya.

Kikato cha upote, yaani ule mkato wa nyuma ya mshale unapoingia upote, kitazame juani. Kikipasuka wakati wa kuachia, upote huenda bila kubeba mshale na upinde wenyewe unaweza kuvunjika, kwa hiyo hakikisha uzi uliofungwa chini ya kikato haujalegea. Manyoya hayahitaji maneno mengi, ila ncha ya mbele ya kila unyoya lazima iwe imefungwa ikalala, la sivyo itakuchoma mkono inapopita.

Kuhusu gundi, jibu langu ni hapana. Gundi hushika unyoya na kigumba, lakini ufa wa wano huufunika tu, nawe siku nyingine hutaukumbuka. Ukaguzi huu ufanye kila unapotaka kupiga, na tena kila mshale unapokosa gunia ukagonga kitu kigumu. Ule utakaoukataa, toa kigumba chake, ambacho kitafaa kwa wano jipya, kisha uvunje vipande viwili siku hiyohiyo. Kama ungependa kubaki na mmoja kwa ajili ya kumkumbuka babu, ukate kikato chake, ili mtoto wa nyumbani asije akaupachika kwenye upinde.