Kabla hujalilaumu ini la panya

Ukipewa kazi ya kumdunga panya wa maabara dozi ya riboflavini, yaani vitamini B2, kisha kufuatilia inaishia wapi, macho yatakimbilia kwenye ini. Hata mimi nilianzia huko. Wiki nzima ilinipotea kabla sijagundua kwamba vitamini yangu ilikuwa ikiishia dirishani.

Chupa za mkojo nilizipanga kwenye meza ya karibu na dirisha, jua la saa nne likizipiga. Riboflavini haivumilii mwanga: huvunjika ikawa lumikromu, au lumiflavini kama mchanganyiko una alkali. Asubuhi mkojo ulikuwa wa manjano iliyokolea, mchana umepauka, nami nikaandika daftarini kwamba panya "wamehifadhi dozi". Hawakuhifadhi chochote. Siku hizi chupa naivisha foili hadi shingoni kabla panya hajaingia kizimbani (kizimba chenye faneli chini inayoelekeza mkojo chupani), taa za chumba nazipunguza, na sampuli zinakwenda kwenye friza moja kwa moja. Ukitaka kuona unacholinda, mulika tone la mkojo gizani kwa taa ya urujuanimno: litang'aa manjano yenye ukijani.

Kinyesi nacho kina hila zake. Bakteria wa utumbo mpana hutengeneza riboflavini yao wenyewe, kwa hiyo panya ambaye hukumpa hata chembe atakutolea vitamini vilevile. Isitoshe, panya hula kinyesi chake. Sakafu ya waya inapunguza tu, kwani huinama akakidaka kikiwa bado kinatoka. (Mara ya kwanza kuona hivyo nilicheka, nilipokaa kupiga hesabu, kicheko kikaisha.) Ndiyo maana kundi la kulinganishia, linalodungwa maji ya chumvi matupu bila vitamini, haliachwi ili kubana matumizi. Bila hilo huwezi kutenganisha dozi yako na kazi ya bakteria.

Kwa upande wa viungo, ini, figo na moyo ndivyo vyenye riboflavini nyingi kwa kila gramu. Lakini "kwa gramu" si "kwa kiungo kizima". Panya wa gramu 250 ana ini la gramu kama 10, na figo zote mbili gramu kama 2. Hata zikilingana kwa gramu, ini limebeba mara 5. Andika tarakimu zote mbili. Pitisha maji ya chumvi kwenye mishipa kuondoa damu kabla ya kukata kiungo, la sivyo utakuwa unapima na damu. Tena ndani ya seli vitamini hii haikai tupu. Nyingi yake ni FAD na FMN, maumbo ambayo seli huitumia vitamini hii, zilizong'ang'ania protini, na usipozibandua kwa asidi utapata kiasi kidogo kuliko kilichomo.

Mwili hauna ghala kubwa la B2. Ukidunga dozi kubwa, figo huichuja na pia kuisukuma nje, na mkojo wa saa za mwanzo ndio unaobeba mzigo. Chupa moja ya saa 24 itakuficha mwendo huo. Mimi hubadilisha chupa saa ya 3, ya 6 na ya 12. Panya aliyenyimwa vitamini kwa wiki kadhaa ni habari nyingine: mkojoni hutoa kidogo mno, ini lake hupungukiwa, ila ubongo hushikilia akiba yake karibu bila kutikisika.

Ukitumia riboflavini yenye kaboni-14, yaani kaboni inayotoa mionzi, kumbuka mashine inahesabu mionzi tu. Haijui kama kaboni hiyo bado imo kwenye riboflavini au imeshakuwa kitu kingine. Tenganisha kwanza kwa kromatografia, njia ya kutenga kemikali zilizochanganyika.

Halafu jumlisha: viungo, mkojo, kinyesi, na mzoga uliobaki. Jumla ikipungua, suuza kuta na faneli ya kizimba kwa maji kidogo, uyapime. Faneli yetu moja ilikuwa na utando wa manjano uliokaukia ukingoni. Kila Ijumaa tuliusugua kwa sabuni na kuumwaga kwenye sinki.