Vyungu Vilivyofukiwa Shambani Vinatafuta Nini?

SWALI: Watafiti wa jotoardhi walifika shambani kwetu, wakafukia vyungu vidogo vyenye nyaya, wakaviacha usiku kucha. Je, walikuwa wakipitisha umeme ardhini, na unaweza kuwadhuru ng'ombe wetu? Na kama wameshaona joto huko chini, mbona wanasema ni lazima wachoronge?
Msomaji, Rungwe, Mbeya

JIBU: Kuhusu ng'ombe, ondoa hofu. Kwa maelezo yako, huo ulikuwa upimaji wa magnetoteluriki, ambao haupitishi umeme ardhini, bali hupokea mawimbi ya asili ya sumaku-umeme yanayotokana na radi zinazopiga pande zote za dunia na, kwa yale ya polepole zaidi, na chembe za jua zinapokutana na uga wa sumaku wa dunia. Mawimbi ya polepole ndiyo yanayozama kilomita nyingi, na kuyanasa huhitaji saa nyingi. Ndiyo maana vifaa hulazwa shambani. (Mkiona waya mrefu uliotandazwa kwa umbo la mraba, huo hupitishiwa umeme kweli ili kusahihisha vipimo vya tabaka la juu, msiuguse.)

Swali lako la mwisho ndilo zito. Vifaa hivyo havipimi joto, vinapima jinsi miamba inavyopitisha umeme. Maji ya moto hubadilisha miamba ya volkano: chini ya takriban nyuzi 200 za Selsiasi hutokea smektaiti, aina ya mfinyanzi inayopitisha umeme kwa urahisi, na joto likizidi nyuzi 230 hivi, nafasi yake huchukuliwa na madini ya kloraiti na epidoti, ambayo hayapitishi vizuri. Kwa hiyo mtaalamu hutafuta tabaka linalopitisha umeme, lililofunika miamba isiyopitisha sana mithili ya kawa juu ya chakula.

Tatizo ni kwamba mwamba ukipoa, madini hayo hubaki yalivyo, hivyo picha nzuri kabisa itokanayo na vipimo yaweza kuwa ya joto lililokwisha kutoweka zamani. Wala haithibitishi kwamba kuna nyufa za kutosha kupitisha maji. Huko Menengai, Kenya, ambako uchorongaji ulianza mwaka 2011 baada ya vipimo vya namna hii, visima vingine vilitoa mvuke mwingi na vingine havikutoa. Kisima kimoja kirefu hugharimu mamilioni ya dola, na kwa maoni yangu hakuna sababu ya kukianza kwa kutegemea kipimo kimoja. Watafiti wakirudi, waulizeni kama kemia ya maji na gesi ya chemchemi zenu inakubaliana na picha yao, nao wawaeleze kabla ya mtambo wa kuchoronga kuletwa.