Kupeleka baiskeli kwa ndege: tikisa boksi kwanza

Mara ya kwanza nipande ndege na baiskeli nilikuwa naenda Mombasa tu, safari haifiki hata saa moja, na nikafika gia zikiwa hazishiki. Boksi lenyewe halikuwa na hata mkwaruzo, hiyo ndio ilinichanganya. Nilikuwa nimelizungusha selotepu rola mbili mpaka likakaa Firauni amezikwa humo, lakini ndani nilitupia gurudumu la mbele, pedali, pampu na viatu hivyo hivyo, na hivyo vitu vikapigana ngumi kutoka Embakasi mpaka pwani. Nililaumu watu wa mizigo wiki nzima, alafu fundi wangu akaniuliza swali moja tu, "ulitikisa?"

Siku hizi nikimaliza kufunga natikisa boksi. Likilia nafungua, hata kama ni saa sita usiku na taxi inakuja saa kumi.

Boksi usinunue la maana. Baiskeli mpya zinakuja dukani kwa katoni na wenye maduka wanafurahia ukiwaondolea, mimi nimewahi kupewa bure na nimewahi kutoa mia mbili kwa kijana aliyenitafutia. Omba pia vile viplastiki vinavyokuja nayo, hasa kile cha kukaa katikati ya miguu ya foku, ile uma ya mbele inayoshika gurudumu, juu foku ikikanyagwa na suitcase ya mtu bila kitu katikati inabanana na gurudumu halirudi. Sponji natoa kwa mafundi wa viti pale Ngong Road, wana mabaki kibao. Na ya kufungia natumia blada, zile mipira za chubu za kufungia mizigo kwa keria, zinashika kuliko kamba na unarudi nazo.

Pedali ndio zinasumbua wengi. Weka cheni kwa gia kubwa ya mbele kwanza ndio mkono ukiteleza usikutane na meno, nina kovu la kuthibitisha. Ya kushoto inafunguka kinyume na ya kulia, lakini usijichoshe kukariri, simamisha spana iangalie juu alafu isukume kuelekea gurudumu la nyuma, pande zote mbili inafanya kazi hivyo.

Sasa direla, ile chuma ya nyuma inayohamisha cheni. Hii ndio iliniua Mombasa. Imening'inia kwa kipande kidogo cha aluminiamu kinaitwa hanga, na kimefanywa laini makusudi kijikunje chenyewe kabla fremu haijapinda, kwa hivyo ukiiacha nje boksi likilaliwa upande huo kwisha. Fungua bolti yake moja tu, kwa baiskeli nyingi ni alenki ya milimita 5, usikate cheni wala kugusa kebo, vika soksi nzee alafu ifunge na blada kwa ndani, katikati ya vyuma vya nyuma. Dakika tatu. Na ubebe hanga ya spea, kila fremu ina ya kwake na huko unaenda huenda usiipate.

Kama una breki za diski za mafuta, ukitoa gurudumu chomeka kadibodi iliyokunjwa mahali diski ilikuwa, juu mtu akibonyeza breki pedi zinakutana na kuzitenganisha ni kazi. Kila bolti uliyofungua irudishe kwa shimo lake, sio kwa mfuko. Kiti kitie alama ya selotepu kabla ya kushusha. Chini ya meno ya gia kubwa weka kadibodi mbili tatu ama yatatoboa boksi. Gurudumu lifunge kwa fremu sehemu tatu, sponji katikati. Basi.

Tairi nazo, watakuambia toa pumzi yote zisipasuke angani. Mimi siamini hiyo. Ndege kubwa za abiria zinajazwa pumzi mpaka kule chini kwa mizigo, na kawaida hewa ya ndani haiwi nyepesi kuliko ya mita 2,400 hivi, na kilele cha Ngong Hills kiko mita 2,460. Nani amewahi kupasukiwa na tairi Ngong Hills kwa sababu ya hewa? Lakini punguza tu, hutaki mabishano kaunta, ila uache kidogo ilinde rimu.

Baiskeli ya umeme ni story ingine. Betri ikizidi 160 Wh (wati-saa, kipimo cha umeme inaobeba) haipandi ndege ya abiria, na za baiskeli nyingi ni mia tatu kwenda juu, kwa hivyo hapo sahau. Vile vimtungi vya gesi vya kujaza tairi acha nyumbani, beba pampu.

Piga simu kwa kampuni ya ndege kabla ya kulipa tiketi. Wengine wanahesabu baiskeli kama mzigo wa kawaida wa kilo 23, wengine wanaitoza peke yake, na ndege ndogo kama zile za uwanja wa Wilson mlango wenyewe unaweza kukataa boksi. JKIA, ule uwanja mkubwa wa Embakasi, fika mapema sana, boksi langu halikuingia kwa mashine na nikaambiwa nifungue, so beba selotepu na kisu uweke mwisho kabisa, kisu kwa boksi sio kwa mkoba wa mkononi tafadhali.

Septemba 2025 nilienda Kigali kuona mashindano ya dunia, yale ya kwanza kufanyika Afrika, na hapo nashukuru zile soksi. Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki 2008, kitambo kabla yetu sisi wa 2017, kwa hivyo ukifunga vipande kwa mifuko unatafuta maneno. Matambara yanatosha.

Piga picha kabla ya kufunga. Ukifika fungua palepale, na ukikuta kimevunjika andikisha kabla ya kutoka eapoti. Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa safari za ndege za kimataifa, unakupa siku 7 tu za kulalamika kwa maandishi mzigo ukiharibika, ukikaa zaidi ya hapo hiyo ni yako.

Ah, na boksi ni la kurudi nalo. Mimi Kigali nililiegemeza kwa koridoo ya gesti nikaenda kuona mbio, na huo mji unajua vile ni msafi, niliporudi koridoo ilikuwa inang'aa. Asubuhi ya kurudi nilikuwa nazunguka maduka na pikipiki ya mtu nikitafuta katoni za friji. Sai naandika kwa maka pande zote nne, USITUPE, na nalilaza chini ya kitanda.