Siku 19 za Kula, Siku 3 za Kuliwa: Daftari Langu la Blackjack

Mfumo wangu wa kupandisha dau kwenye blackjack ulikula siku 19 kati ya 22. Ungenikuta enzi zile ningekuambia hivyo kifua mbele, na wala nisingekuwa nakudanganya. Blackjack ni mchezo wa karata wa kasino: unashindana na mgawaji, mtu wa kasino anayegawa karata, nani atakaribia 21 zaidi bila kuivuka. Nilikuwa na daftari dogo. Kila nikitoka mezani naandika: nimekaa na chipu ngapi (vile vipande vinavyotumika mezani badala ya pesa), nimeinuka na ngapi. Siku 19 zina alama ya kujumlisha, siku 3 zina alama ya kutoa. Kitu ambacho sikuwahi kufanya ni kupiga hesabu ya ukurasa mzima.

Nilipoipiga, zile siku 19 zilikuwa zimeniletea chipu 298. Zile 3 zilikuwa zimeondoka na 371: ya kwanza 119, ya pili 136, ya tatu 116. Nilikuwa nyuma kwa chipu 73, na muda wote huo nilijihesabu miongoni mwa wajuzi.

Juzi kijana mmoja, mdogo wangu kwa heshima ya mtaa, kaniuliza kama mifumo ya kupandisha dau inafanya kazi kwenye blackjack. Nikamwambia haifanyi kazi. Akacheka, akaniambia, "Kaka, lakini jana nimekula." Hapo nikaona hapana tupu haitoshi. Mtu aliyekula jana anastahili kuelezwa kwa nini pesa iliyomo mfukoni mwake bado si ushahidi.

Mimi nilikuwa natumia Martingale, mfumo mkongwe unaojulikana kuliko yote. Unaanza na dau la chipu 1. Ukila, unabaki hapo hapo kwenye 1. Ukiliwa unaweka 2, ukiliwa tena 4, kisha 8, 16, 32, 64. Popote utakapokula kwenye ngazi hiyo, unarudisha yote yaliyokwenda na chipu 1 juu yake, unaanza upya. Nilikuwa nakaa na chipu 150, na nikishapata faida ya 15 hivi nainuka. Meza ilikuwa na kikomo cha chipu 100 kwa dau moja, kwa hiyo ngazi yangu ilikuwa na vipandio 7 tu. Ukiliwa mara 7 mfululizo, umeshaweka jumla ya chipu 127, na dau la nane ni 128. Meza hailipokei, na hata ingelipokea, mimi ningelitoa wapi?

Wapo wanaosema kikomo cha meza ndicho kinachouua mfumo. Ondoa kikomo basi. Mfuko wako bado una mwisho wake. Giacomo Casanova, yule Mtaliano wa karne ya 18, aliucheza mfumo huu huu Venice kwa dhahabu ambayo wala haikuwa yake yote, na ameandika kwa mkono wake mwenyewe jinsi ulivyomwacha mikono mitupu.

Twende kwenye hesabu, nayo ni fupi. Chukua sarafu isiyo na hila. Kupoteza mara 7 mfululizo kutakutokea, kwa wastani, mara moja katika kila ngazi 128 utakazoanza kupanda. Ngazi 127 zitakupa chipu 1 kila moja. Ngazi moja iliyobaki itakunyang'anya 127. Haba na haba inajaza kibaba, halafu kibaba kinamwagwa kwa mkupuo mmoja. Na hiyo ni sarafu, ambayo haina mwenyewe. Meza ya kasino ina mwenyewe.

Kwenye blackjack, hata ukicheza kwa usahihi kabisa, unakula takriban raundi 42 au 43 katika 100. Nane au tisa ni sare. Zilizobaki, kama 49, unaliwa. Watu wengi hawaamini hili kwa sababu wameambiwa blackjack ndio mchezo wenye nafuu kuliko yote mle ndani. Nafuu ipo kweli, ila haitokani na kula mara nyingi. Wewe ndiye unayecheza kwanza, mgawaji anacheza mwisho. Ukivuka 21, chipu zako zinakombwa pale pale, hata kama dakika moja baadaye mgawaji naye atavuka. Nafuu inakuja kwa njia nyingine: ukipata ree (A) na karata ya kumi (10, J, Q au K) mkononi, yaani blackjack yenyewe, unalipwa 3 kwa 2, na karata zikiwa nzuri unaruhusiwa kuongeza dau mara mbili au kugawanya jozi iwe mikono miwili. Kwa hiyo unakula mara chache, lakini baadhi ya hizo chache unalipwa zaidi.

Sasa weka Martingale juu ya hapo. Ukiziacha sare pembeni, unaliwa zaidi ya raundi 53 katika kila 100. Kuliwa mara 7 mfululizo hakusubiri tena ngazi 128. Kunakuja kama mara moja kwa kila 80. Malipo ya 3 kwa 2 na madau ya kuongeza yanarudisha sehemu ya pengo hilo, hayarudishi lote. Na ukikaa raundi 200, yaani saa tatu hivi, uwezekano wa kukutana na mfululizo wa kuliwa mara saba ni zaidi ya nusu. Mimi nilikuwa nausema kama jambo la ajabu. "Mara saba? Haiwezekani!" Sababu pekee iliyofanya nisiuone kila wiki ni kwamba nilikuwa nainuka mapema.

Kilichonifungua macho, lakini, hakikuwa siku ya kuliwa. Ilikuwa siku ya kula.

Siku hiyo nilikuwa na faida ya chipu 5, ghafla nikaliwa mara sita kwa mpigo. Zimeondoka 63. Nikasukuma 64 mezani, mbele yangu zikabaki 28. Nikapewa 6 na 5, jumla 11. Mgawaji anaonyesha 6. Anayeujua mchezo huu anajua karata hizo ni zawadi: 11 yako dhidi ya 6 yake, unaongeza dau mara mbili bila kufikiri, maana karata yoyote ya kumi inakupa 21 na yeye yuko mahali pabaya anapoweza kuvuka. Ili niongeze nilihitaji chipu 64 nyingine. Nilikuwa na 28, na meza ile haikuruhusu kuongeza pungufu. Nikaomba karata moja tu, ikaja 9, nikabaki na 20. Mgawaji akafunua kumi, akachukua nyingine, akavuka. Jirani yangu akanipiga bega kunipongeza. Nilivuta zile chipu kwa mikono iliyokuwa inatetemeka, na njiani kurudi nikahesabu: mkono mzuri kuliko yote usiku ule ulikuwa umenipa faida ya chipu 1. Ningekuwa na uwezo wa kuongeza, ungenipa 65.

Jambo hili huwa halitajwi sana na wanaosifia mifumo. Blackjack inamrudishia mchezaji sehemu ya haki yake kupitia kuongeza na kugawanya, na Martingale inakufikisha mahali ambapo mfuko hauna tena pumzi ya kufanya hivyo. Tena woga unaingia kwenye uamuzi. Nikiwa na chipu 1 mezani na 12 mkononi, mgawaji akionyesha 2, niliomba karata kama inavyotakiwa. Nikiwa na 32 mezani na karata hizo hizo, niligandisha mkono nikabaki na 12, kwa kuogopa kuvuka. Karata ni zile zile, kilichobadilika ni dau. Mchezo wangu ulikuwa unaharibika hasa pale dau lilipokuwa kubwa.

Halafu kuna bei ambayo sikuwa nimeiona. Ukicheza kwa mkakati wa msingi, yaani uamuzi bora uliokwisha kupigiwa hesabu kwa kila karata, kwenye meza yenye kanuni nzuri, kasino inabaki na takriban nusu ya asilimia 1 ya kila unachokiweka. Kila unachokiweka, zingatia hilo. Anayeweka chipu 1 tu kwa raundi 70 kwa saa anailipa kasino, kwa wastani, chini ya nusu chipu. Mimi nilijiona naanza na chipu 1, kumbe ukichanganya vipandio vyote 7, hata kwa hesabu ya sarafu, wastani wa dau unafika chipu 3 na nusu. Nilikuwa nalipa kiingilio mara tatu na nusu ya jirani yangu, tena kwa kujiona mwangalifu.

Mifumo mingine siichambui sana. D'Alembert unapandisha chipu 1 ukiliwa na kushusha 1 ukila. Ni mpole kuliko Martingale, unakuua polepole. Umepewa jina la Jean le Rond d'Alembert, mwanahisabati Mfaransa ambaye mwaka 1754 aliandika kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni 2 kati ya 3. Ukweli ni 3 kati ya 4. Jina linaufaa mfumo. Labouchère unaandika namba kwenye karatasi na kuzikata, raha yake ni kujiona una kazi. Paroli ni kinyume: unapandisha unapokula. Huo angalau unaumiza taratibu, unaliwa kidogo kidogo mara nyingi na mara moja moja unapata donge nono. Kama ni lazima uchezee mfumo, chezea huo, kwa sababu hautakupeleka kutafuta chipu ya 128 saa saba usiku. Lakini jumla yake ni ile ile.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu. Mtu mjanja atakuambia blackjack si sarafu, karata zinazotoka hazirudi mpaka zichangwe upya, kwa hiyo raundi iliyopita inaathiri ijayo. Ni kweli kabisa. Edward Thorp, mwanahisabati wa Marekani, alitumia kompyuta ya IBM 704 kulichunguza hilo, na mwaka 1962 akachapisha njia ya kuishinda meza kwa kuhesabu karata. Zikibaki ree na kumi nyingi kwenye kasha, mchezaji ana nafuu. Zikibaki 4, 5 na 6 nyingi, kasino ndiyo yenye nafuu. Thorp naye alipandisha dau. Ila alilipandisha kwa kutazama karata zilizobaki. Martingale inatazama kama umeliwa, na kuliwa kwako hakukuambii lolote la maana kuhusu kilichobaki kwenye kasha. Tazama kasino zenyewe zinavyofanya: anayeshukiwa kuhesabu karata anaombwa aondoke, mwenye mfumo wa kupandisha dau anavutiwa kiti. Na kwenye meza zenye mashine inayochanga mfululizo, au michezo ya mtandaoni ambako programu inachanga upya kila raundi, hata njia ya Thorp haina pa kushika.

Ukiamua kucheza, basi, jifunze mkakati wa msingi kabla ya kingine chochote. Wanajeshi wanne wa Marekani waliuchapisha mwaka 1956 baada ya kupiga hesabu kwa mashine za mezani, na leo unaingia kwenye jedwali moja dogo. Weka dau lile lile kila raundi, dogo kiasi kwamba ukitakiwa kuongeza au kugawanya jozi hutapepesa jicho. Soma maandishi kwenye kitambaa cha meza kabla hujakaa: ukiona blackjack inalipwa 6 kwa 5, endelea kutembea. Kwa dau la chipu 10 ni tofauti ya kulipwa 15 au 12. Inaonekana ndogo, lakini inaongeza karibu asilimia 1.4 kwenye kile kinachochukuliwa na kasino, ambacho kilikuwa nusu ya asilimia tu. Hakuna namna ya kupanga madau itakayolifidia hilo.

Bima nayo iache. Mgawaji akionyesha ree utaulizwa kama unataka kujikinga asije akawa na blackjack, kwa malipo ya 2 kwa 1. Katika kasha moja la karata 52, ukitoa ile ree zimebaki karata 51, na za kumi ni 16. Ili bima iwe sawa kwa sawa zingetakiwa 17.

Na kama umeshaanza kuweka dau ili kurudisha, pesa ikiwa ya kodi, ya ada au ya kukopa, sina jedwali la kukupa. Ongea na mtu wa karibu usiku huo huo, kabla hujarudi mezani. Mfumo wa kupandisha dau unamfaa sana mtu wa hali hiyo, kwa maana mbaya: unampa sababu yenye sura ya hesabu ya kuweka pesa zaidi kila anapoumia.

Siku hizi nacheza mara chache, na chipu 40, dau ni 1 mpaka mwisho. Nyingi ya jioni hizo naondoka nikiwa nimepungukiwa au nimezidi kidogo, na daftari limekuwa la kuchosha kusoma. Yule mdogo wangu kanitumia ujumbe asubuhi ya leo: amekula siku ya sita mfululizo. Nimemwomba aendelee kuandika, siku zote, pamoja na ile atakayoona aibu kuiandika, kisha akifika ya 22 tukae tupige jumla pamoja.