Mhusika Anayejificha Nyuma ya Utani: Namna ya Kumwandika Akaaminika

Karibu kila tamthilia ya vichekesho ina mhusika mmoja mwenye mdomo. Akiambiwa anapendwa, anatania. Kukiwa na msiba, anatania. Muulize mwandishi kwa nini, utaambiwa "ndivyo alivyo." Jibu hilo halitoshi. Mtu asiyeweza kunyamaza kuna kitu anakikwepa, na mtazamaji hukihisi mapema kuliko unavyodhani.

Mfano wa kujifunzia ni Chandler Bing wa Friends, tamthilia ya Marekani iliyorushwa na kituo cha televisheni cha NBC tangu 1994 hadi 2004, yeye akiigizwa na Matthew Perry. Anza na sehemu ya 9 ya msimu wa kwanza. Chandler hagusi chakula cha Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo familia za Marekani hula mlo mkubwa pamoja, na anaeleza sababu: alikuwa na miaka 9, mlo mkubwa umekwisha, pai ya boga bado imo mdomoni, na wazazi wake wakachagua dakika hiyohiyo kumwambia kwamba wanaachana. Anamalizia kwa mzaha wa kutapika. Basi. Maelezo hayafiki hata dakika moja.

Angalia kilichomo humo: umri, siku, na kitu kilichokuwa mdomoni. Ukiandika "alilelewa kwa shida", mwigizaji hana pa kushika. Ukiandika pai ya boga, ana kila kitu. Tena jeraha limeacha tabia inayoonekana, yaani kukataa chakula cha siku ile, kwa hiyo waandishi hawakulazimika kumtungia hotuba.

Sasa mtazame mama. Nora Bing ni mwandishi wa riwaya za mapenzi ya chumbani, na anazungumzia mambo yake kwenye televisheni bila haya. Katika sehemu ya 11 yeye na Ross, rafiki wa mwanawe, wanabusiana. Mtoto wa nyumba ambayo siri zake ziko hadharani hujifunza kuwahi kujicheka kabla hajachekwa. Ndiyo maana mizaha mingi ya Chandler inamlenga yeye mwenyewe. Mhusika wako akianza kuwapiga wanyonge, hajikingi tena. Amekuwa mkatili, na hutaweza kumrudisha kirahisi.

Sehemu ya 13 ina funzo ambalo waandishi wengi hulipita. Roger, daktari wa akili anayetoka na Phoebe, rafiki wa Chandler, anamchambua Chandler papo kwa papo: mtoto wa pekee, wazazi waliotengana, utani wa kuwazuia watu wasimkaribie. Kwa kiasi kikubwa yuko sahihi, ila anasema bila upendo, na ukweli wake haumponyi mtu. Ikibidi utambuzi utamkwe, uweke kwenye kinywa kisichofaa. Ukitamkwa na rafiki mpendwa mwishoni mwa kipindi, umegeuka mahubiri.

Kwenye skripti yako, zungushia duara kila utani wa mhusika huyu, kisha andika pembeni mambo matatu: kilichosemwa kabla yake, anachokikwepa, na nani anaumia. Pasipo jibu la pili, futa utani huo au umpe mhusika mwingine. Kwa kipindi cha dakika 22, acha angalau mzaha mmoja udondoke bila mtu kucheka, na uwe na tukio moja ambalo amezuiwa kabisa kutania. Friends walifanya hivyo kwa uwazi katika msimu wa 4. Chandler amembusu Kathy, mpenzi wa rafiki yake Joey, na adhabu yake ni kukaa ndani ya sanduku la mbao, tena kimya. Kathy anapokuja kumuaga, Chandler hana sauti ya kujitetea. Anapunga kidole tu kupitia tundu.

Kosa kubwa la tamthilia yenyewe lipo kwa baba yake Chandler, mtumbuizaji wa Las Vegas anayevaa kike. Maumivu ya mtoto aliyeachwa yalikuwa mali halali ya kichekesho, lakini mara nyingi mzaha uliliacha hilo ukaufuata mwili na mavazi ya mzazi. Marta Kauffman, mmoja wa waundaji, alieleza hadharani mwaka 2022 kwamba anajuta walivyomshughulikia mhusika huyo. Cheka na jeraha la mtoto, acha utu wa mzazi.

Kuhusu kubadilika, usiharakishe. Katika msimu wa 5 Chandler anagombana hotelini na Monica, mpenzi wake ambaye baadaye anamwoa, na kudhani uhusiano umekwisha, maana nyumbani kwao ugomvi ulikuwa na maana hiyo tu. Monica anamfundisha kwamba watu wazima hugombana, wakayamaliza, wakaendelea. Hapo ndipo penye tiba: mtu asiyekimbia, na anayerudia kutokimbia. Hata hivyo, katika msimu wa 7, kusikia kwenye simu ya kurekodi ujumbe unaowatambulisha kama Bwana na Bibi Bing kunatosha kumtorosha usiku wa kuamkia harusi. Jina la ukoo wake kwake lina maana ya ndoa zilizovunjika. Kurudi nyuma kama huku ndiko kunakomfanya aaminike.

Kufika msimu wa 10, anamsihi Erica, mama mjamzito anayetafutia mtoto wake wazazi, awakubali yeye na Monica. Anaongea waziwazi, kwa ajili ya mkewe, bila kukimbilia utani. Wala hawakumnyang'anya ucheshi baada ya hapo. Mei 2004, nyumba ikiwa tupu, rafiki yao Rachel anapendekeza wakanywe kahawa, na Chandler anauliza wapi, ilhali miaka yote 10 wamekuwa wakienda mgahawa uleule. Ndilo neno la mwisho la tamthilia nzima.