Nasaba Kabla ya Vipimo: Makazi ya Vihambani Kilimanjaro

Swali: Ninasaidia kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi katika kijiji kimoja kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Nyumba zimetawanyika, kila moja katikati ya migomba yake, nami siuoni utaratibu wowote. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, anzia kwenye nasaba. Kwa desturi ya Wachagga, kihamba, yaani shamba la migomba lenye makazi ya familia, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na wanaotazamwa zaidi ni wawili: mzaliwa wa kwanza, ambaye hukatiwa sehemu yake anapooa, na kitinda mimba, ambaye hubaki na wazazi, huwatunza uzeeni na hatimaye hurithi nyumba yao. Kwa hiyo ukifuata njia moja yenye masale (mimea inayopandwa kuonyesha mipaka) pembeni, mara nyingi utapita kwa kaka, kwa baba mdogo, kisha kwa watoto wao, wote wa ukoo mmoja. Utaratibu upo, ila ni wa damu.

Kazi ngumu ni kuwatambua wasioonekana. Zamani wana wa katikati waliweza kupewa ardhi mpya kwa idhini ya mangi, yaani mtawala wa jadi wa Wachagga, lakini miteremko ilipojaa wengi walishuka tambarare kulima mahindi, au wakahamia mijini. Kipimo chako hakitawaonyesha, ingawa wazazi wao wamezikwa kihambani na wao wenyewe hurudi huko kila Desemba. Ukiwaacha nje ya orodha, mgogoro utazuka siku mpaka utakapowekewa alama.

Mabinti nao, tafadhali usiwapite. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kinabatilisha desturi inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na bado wajane na mabinti waliorudi nyumbani huishi kwa hisani ya kaka zao. Wahoji peke yao, si mbele ya wazee wa ukoo.

Kaa basi na wazee wa kila kitongoji, mchore nasaba, kisha katika kila mpaka uliza ni nani aliyegawa na ni nani aliyepanda masale yale. Mchoro huo usiuhamishie kwingine: kwa Waluguru wa milima ya Uluguru, ambako ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, swali la kwanza ni ardhi hii ni ya ukoo wa mama yupi.